Dhamana ya Fundi kwa Kazi ya Mikono Yake

Tangu zamani watu wetu wamemtazama mhunzi kwa macho mawili. Kwa jicho moja wamemheshimu, kwani bila yeye hapana jembe, hapana shoka, wala hapana kisu cha kumkatia mtoto kitovu. Kwa jicho la pili wamemwogopa, na pengine wamemtenga. Wakurya wa Tarime na Serengeti humwita omoturi, na wahunzi, yaani abaturi, walihesabiwa kuwa watu wa namna yao, wenye miiko yao. Upareni kazi hii ilikuwa ya ukoo wa Washana. Uchagani nyundo ya mhunzi iliogopwa kwa sababu ya laana iliyoweza kutoka nayo. Wamasai walikwenda mbali zaidi: morani aliyepokea mkuki kutoka mikononi mwa mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza, ili unajisi wa yule aliyeufua usimwingie.

Msomaji wa leo ataona ajabu. Morani ndiye atakayemwaga damu kwa mkuki ule, naye ndiye anayejikinga na unajisi wa mtu ambaye hakufanya zaidi ya kupiga chuma kilicho moto. Twaweza kulicheka jambo hili na kuliita dhuluma, na dhuluma ilikuwamo ndani yake bila shaka, maana mnyonge alitwishwa aibu ya mwenye nguvu. Lakini mimi naona kwamba wazee wale walikuwa wamelishika swali ambalo sisi tumeliacha lianguke. Waliuliza damu huanzia wapi. Je, huanzia katika mkono unaorusha, au katika chuma, au mapema zaidi, pale kwenye fuawe?

Kilichonirudisha kwenye swali hilo ni chombo kidogo kisicho na umaarufu, ambacho fundi stadi anaweza kujiundia katika karakana yake: chombo cha kujazia upya maganda ya risasi za marisau. Risasi ya bunduki ya marisau, tofauti na wadhaniavyo wengi, haikufanywa kwa kipande kimoja. Ni ganda lenye kitako cha madini, na ndani yake mna fataki, baruti, kizibo na vijipande vya risasi. Ikisha kupigwa, vilivyomo huteketea au huruka, na ganda hubaki chini katika majani. Mtu mwenye akili ya ufundi akiliokota ganda lile hawezi kuliona kuwa takataka. Huona chombo kitupu, na chombo kitupu chataka kujazwa. Huko Marekani watu wengi hufanya kazi hiyo nyumbani kwao kama burudani ya jioni. Vyombo vyake huuzwa madukani, na wengine hujiundia wenyewe kwa kupenda ufundi. Chombo kile kile kikikutwa uvunguni mwa kitanda Tarime, huwa ushahidi mahakamani. Chuma ni kile kile na wenzo ni ule ule. Yatupasa kuuliza kilichobadilika ni nini.

Kabla ya kumhukumu fundi, haki yataka tumfahamu. Karakana ya kijijini haianzi na mashine. Huanza na kazi ya kutengeneza vyombo vya kutengenezea vyombo, nayo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Fuawe ni kipande cha reli au ekseli ya lori lililokufa zamani. Mivukuto iliyokuwa ya ngozi ya mbuzi sasa mara nyingi ni pangaboi lizungushwalo kwa gurudumu la baiskeli, na mtoto mmoja hutosha kulizungusha. Patasi hutoka katika springi ya gari. Koleo hufuliwa na mwenyewe kwa kadiri ya kiganja chake, na ndiyo maana koleo la fundi mmoja halimkai vema mwingine. Jiriwa akikosa kuinunua, huibuni. Keekee yake ina kamba na uta, kama zile walizotumia mababu. Mtu aliyekaa asubuhi moja katika mahali kama hapo, akaona jinsi mikono isiyosoma shule inavyopima kwa jicho na kupatia, hawezi tena kusema kwamba watu wetu hawana sayansi. Uchunguzi wa wanaakiolojia huko Buhaya ulionyesha kwamba watu wa pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria walifua chuma, hata cha pua, tangu miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Wafipa nao walijenga tanuu ndefu kupita kimo cha mtu. Taifa letu, baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilimwita fundi huyu shujaa wa kujitegemea, na mwaka 1973 likaunda SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ili mikono yake ipate msaada.

Kwa hiyo tumefundisha, na tumefundisha kwa haki, kwamba mtu anayejiundia chombo chake ni bora kuliko anayengoja cha kununua. Tatizo ni kwamba fadhila hiyo haina macho. Ustadi uleule unaoziba sufuria waweza kunyoosha mtutu wa gobore.

Na tuchukue mfano, ili hoja isielee hewani. Tuseme katika kijiji kimoja kilicho karibu na mpaka wa hifadhi, upande wa Mugumu, yuko fundi wa namna hiyo. Anamjia mkulima. Mtama wake umekomaa, na tembo wameingia mara mbili katika juma moja. Mkulima ana bunduki ya marisau yenye kibali, aliyoachiwa na baba yake kwa njia halali, lakini risasi ziko mjini, bei yake ni ya mjini, na kibali cha kuzinunua kina safari yake. Anayo maganda matupu kumi na mawili katika kikopo. Anamwambia fundi, "Ndugu yangu, nitengenezee kitu cha kuyajaza haya." Fundi anafikiri siku tatu, anakata, anakereza, anapata. Ni kazi nzuri. Mwezi wa pili, usiku, anakuja kijana asiyetaka kukaa mahali penye mwanga. Naye ana maganda yake, na hasemi ya nini. Fundi hana haja ya kuuliza, kwa maana katika Tarime na Serengeti kila mtu anajua ng'ombe husafiri usiku.

Wizi wa mifugo katika nchi hiyo una historia ndefu, na zamani ulikuwa na kanuni zake, ukafanywa kwa mikuki na mishale baina ya watu waliojuana. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 silaha za kivita zilizagaa, na jambo lililokuwa kama mashindano makali ya vijana likawa biashara ya kuuana. Tangu hapo kila risasi iliyojazwa gizani huingia katika hesabu hiyo, iwe imekusudiwa au haikukusudiwa.

Fundi akiulizwa atajitetea, na utetezi wake wa kwanza tunaujua, kwani ni utetezi wa mafundi wote wa dunia. Atasema: mimi sikuua, wala sikutengeneza bunduki, wala sikutengeneza risasi, nilitengeneza wenzo na kikombe cha kupimia. Utetezi huu una ngazi nyingi, na kila anayesimama katika ngazi yake huonyesha kidole ngazi ya chini. Tukiukubali, aliyefyatua naye atasema kwamba kidole chake kilivuta tu kipande cha chuma. Tukiukataa kabisa, itatubidi tumfunge na muuza springi chakavu. Nionavyo, kipimo kiko mahali pengine. Jembe laweza kuua, na limeua, hasa katika ugomvi wa mipaka ya mashamba. Lakini lina maisha yake marefu nje ya mauaji, na mwenye kulifua alikuwa akifikiri udongo. Chombo cha kujazia maganda hakina kazi ya pili. Hakisagi nafaka wala hakikamui mafuta. Aliyekiunda alijua kinachotoka upande wa pili ni kitu cha kupenya mwilini. Iwe ni mwili wa mnyama au wa binadamu, hilo halikuamuliwa na chombo. Lakini kwamba ni mwili, fundi alikwisha kuliamua.

Utetezi wake wa pili ni mzito zaidi, nami siupuuzi. Atasema: ninyi mlioandika sheria, mko wapi usiku tembo wanapoingia? Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1994 yakaongezwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Sheria ya wanyamapori ya 1974, na ile ya 2009 iliyochukua nafasi yake, zote zinamlinda mnyama. Na mtu aliyepoteza shamba hupewa kile kiitwacho kifuta jasho, na aliyefiwa hupewa kifuta machozi. Machozi yakifutwa, mtama haurudi. Waikoma, ambao wameziheshimu kwa vizazi vingi pembe mbili za tembo waziitazo Machaba, hawawezi kuambiwa na mtu wa mbali kwamba hawajui thamani ya mnyama huyo. Wanaijua thamani, na njaa wanaijua pia.

Hata hivyo utetezi huu, pamoja na uzito wake, una tundu. Marisau hayamzuii tembo. Humjeruhi, naye aliyejeruhiwa huwa hatari kwa mwanamke atakayekwenda kuchota maji alfajiri, ambaye hakupiga mtu wala mnyama. Mkulima mzoefu analijua hili. Baruti iliyopimwa kwa kukisia, nayo, haimchagui adui: mtutu hupasuka, na vidole vinavyopotea ni vya mwenye bunduki. Fundi mwaminifu angemwambia mteja wake mambo haya mawili kabla hajashika tupa. Asipomwambia, si kwa sababu ya huruma juu ya mtama. Ni kwa sababu amekwisha kuipenda kazi yenyewe. Wengi wetu tumeingia katika makosa kwa njia hiyo hiyo, ya kupenda kazi nzuri kiasi cha kusahau ni kazi gani.

Wengine watajibu kwa mkato: sheria imekataza, basi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimruhusu mtu kutengeneza silaha wala risasi bila leseni, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazitaka nchi za ukanda wetu zitie alama silaha na kuziandikisha. Ni kweli. Lakini Mwafrika ana sababu ya kutosema "sheria imekataza" na kunyamaza hapo. Mkataba wa Brussels wa 1890 nao ulikuwa sheria. Uliandikwa na mataifa ya Ulaya kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ukazuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa zile za gumegume na baruti ya kawaida. Miaka michache baadaye wakoloni walikuja na zile za kisasa mkononi, wakawakuta wenyeji na magobore. Gobore lililobaki vijijini, na mhunzi aliyejifunza kulikarabati, ni watoto wa historia hiyo. Hata katika siku zetu tumeona utekelezaji wa sheria njema ukimwumiza asiye na hatia: Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyoanzishwa ili kuwaokoa tembo, ilisimamishwa baada ya malalamiko ya mateso juu ya wananchi, na mawaziri wakapoteza vyeo.

Basi, kama sheria peke yake haitoshi kuwa jibu, kuna tofauti gani kati ya wenzo wa fundi wetu na mitambo ya Shirika la Mzinga kule Morogoro, ambayo nayo hutengeneza risasi kwa niaba ya taifa? Mtu asinijibu kwamba mikono ya serikali ni safi. Mikono yote ni ya watu. Tofauti ninayoiona ni kwamba kilichotoka katika kiwanda cha taifa kinaweza kuulizwa. Kina namba na daftari, na yuko aliyetia sahihi. Pakitokea msiba, kuna mlango wa kugonga. Ganda lililojazwa usiku halina mlango. Limezaliwa bila baba, na litakapomwua mtu hapana atakayesema, "Huyu ni wangu."

Hapo ndipo mhunzi wa zamani alipokuwa na nafasi bora kuliko fundi wa leo, pamoja na kutengwa kwake. Alifanya kazi mchana, hadharani. Mlio wa nyundo yake ulisikika ng'ambo ya mto. Aliyemfulia mkuki alimjua kwa jina, kwa baba, na kwa rika lake, na mkuki ukitumiwa vibaya wazee wa inchama walijua wamwite nani. Nilipoanza kulifikiri jambo hili nilidhani jibu limo humo: fundi amjue anayemtengenezea, naye atakuwa na dhamiri safi. Niliridhika na wazo hilo kwa muda mrefu. Sasa siridhiki nalo tena.

Siridhiki kwa sababu ya Tarime yenyewe. Huko koo zimepigana mara nyingi, hata katika miaka ya karibuni, juu ya ardhi na mifugo, na serikali imelazimika kuweka mkoa maalumu wa kipolisi wa Tarime na Rorya. Katika mapigano ya koo, fundi anamjua vizuri sana anayemfulia mishale. Ni ndugu yake. Anajua anakwenda wapi na atampiga nani, na kwa sababu hiyo hasa hafikiri kuwa ametenda kosa. Kujuana hakukumzuia, ndiko kulikomhalalishia. Mkutano wa ukoo, iritongo, ukimhukumu utamsifu. Mtu mmoja tu hakuwamo katika mkutano ule: yule wa ng'ambo, ambaye mshale ulimwendea.

Kwa hiyo nasema kwamba dhamana ya fundi haitimizwi kwa kumjua anayepokea kazi. Inampasa aweze kuieleza kazi yake mbele ya yule itakayomfikia. Fundi wa majembe anaweza kwenda ng'ambo ya mto na kusema, "Mimi ndiye niliyefua lile jembe," akapewa kiti na togwa. Fundi wa kile chombo chetu kidogo hawezi. Akiwa peke yake karakanani, usiku, kabla hajafunga kazi, na ajiulize kama angeweza kukipeleka ng'ambo, akakiweka mezani mbele ya watu wa ukoo mwingine, akawaeleza kinavyofanya kazi. Na dola, pamoja na dosari zake nilizozitaja, inastahili utii wetu katika jambo hili kwa kadiri inavyokuwa mahali ambapo yule wa ng'ambo naye ana sauti. Daftari la silaha lina maana ikiwa Mkira na Mnchari, Mwirege na Mnyabasi, wote wanaweza kuuliza kilichoandikwa humo. Likiwa siri ya ofisa, halina tofauti kubwa na kikopo cha maganda.

Mwenye kutaka kuona ufundi usioweza kujieleza mbele ya unaowafikia, na autazame mtego wa waya. Ndio chombo cha uwindaji haramu kilichoenea kuliko vyote kando ya Serengeti. Hauna mlio, hauhitaji baruti, na waya wake waweza kupatikana katika tairi lililochomwa. Aliyeutega alikuwa akifikiri nyumbu, kitoweo na karo ya mtoto. Lakini mtego hukaa na kungoja, na wakati mtegaji amelala humkamata simba, fisi, hata mtoto wa tembo kwa mkonga wake. Tangu mwaka 2017 wapo watu wanaofanya kazi ya kila siku ya kutembea hifadhini wakizitegua nyaya hizo, na miongoni mwao wamo waliokuwa wakizitega. Hao wanajua kusoma pori kuliko yeyote: mahali wanyama wanapopita, urefu wa kitanzi, mti ufaao. Ustadi haukupotea wala haukuhukumiwa. Umegeuzwa uso.

Narudi kwa mkulima wetu, ambaye tumemwacha na mtama wake na usiku unaingia. Haitoshi kumwambia fundi asitengeneze; mkulima bado anangoja. Katika sehemu mbalimbali za Tanzania wakulima wamekuwa wakijaribu silaha zisizoua: mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa kamba kuzunguka shamba, ambayo tembo akiigusa nyuki hutoka, vitambaa vilivyolowekwa katika mafuta machafu na pilipili, na matofali ya kinyesi na pilipili iliyopondwa, yanayochomwa pembeni ili moshi wake uende alikotokea mnyama. Hayafui dafu kila mara, kwani tembo ni mnyama mwenye akili na hujifunza. Lakini matofali yale yakifinyangwa kwa mkono hutoka laini na huvunjika kabla hayajakauka. Yanataka kushindiliwa katika kalibu, kwa nguvu iliyo sawa kila mara, na kwa kazi hiyo hufaa wenzo mrefu wa mti mgumu uliofungwa katika ekseli, wenye kikombe cha kupimia chini yake. Fundi wetu anajua kuutengeneza.